Mbibi wa Mwalimu

Jumatatu, 6 Mei 1996

Leo muhula wa pili umeanza na mimi nimelala usiku wangu wa kwanza katika nyumba yangu. Yangu! Vyumba viwili na jiko la nje, ndani ya ua wa shule ya wasichana ya masista, chini ya milima ya Iveti. Ukifungua dirisha la mbele unaona kanisa dogo la shule. Ukifungua la nyuma unaona mabweni na kamba za nguo zimejaa sketi za kijani. Na ukigeuka ndani, unamwona Mwanzia wangu. Mimi nageuka sana.

Tulifunga ndoa tarehe ishirini mwezi jana na bado nikiamka nashtuka kwa furaha. Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Ni mrefu, ana nyusi nzito, na akisoma kitabu midomo yake hucheza kama mtu anayeonja mchuzi. Asubuhi hii, kabla ya kengele, alisimama mlangoni na chaki mfukoni akaniambia, "Haya, mbibi yangu, niombee."

Mbibi yangu. Hivyo ndivyo anavyosema. Sisi Wakamba pua zetu zina haraka, zinaingia kwenye neno kabla ya mdomo. Mimi nililelewa Athi River, baba akifanya kazi kiwandani, na watoto wa majirani, Waluhya, Wajaluo na wa kutoka Pwani, walinicheka mpaka ulimi ukanyooka. Mwanzia alikulia Muthetheni, na huko hakuna aliyemcheka. Kwa hivyo katika daftari hili maneno yake nitayaandika kama vitabu vinavyotaka, isipokuwa hilo moja. Hilo nitaliacha kama lilivyo, kwa sababu linanikaa hapa kifuani.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeunguza wali. Amekula wote na kuomba ukoko.

Jumapili, 12 Mei

Misa ya kwanza ya muhula. Wasichana waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Baadaye Sista Konsolata, mwalimu mkuu, alinisalimia kwa Kiingereza. Yeye huongea Kiingereza tu, hata na mpishi. Ni mwembamba, amenyooka kama mshumaa, na sijaona meno yake bado. Aliniuliza kama nimetulia, nikasema nimetulia, akasema vizuri, akaenda. Nilihisi kama nimekaguliwa kucha.

Nyumbani nilimwambia Mwanzia kwamba Sista wake ananiogopesha. Akacheka, kisha akaacha kucheka, ndipo nikapata habari ya bundi.

Ni hivi. Mwanzia ana kikundi cha ushairi. Ndicho kinachomtoa kitandani asubuhi (nasema hivi bila wivu, au kwa wivu kidogo). Mwaka jana walikwenda mashindano ya muziki ya wilaya na shairi alilolitunga mwenyewe, kuhusu haki ya msichana kusoma. Linaanza hivi:

Baba, binti hana budi, kubeba vyake vitabu.

Ni zuri, sivyo? Lakini wasichana walipopanda jukwaani, na hofu, na umati ule, wakasema kwa sauti moja: "Mbamba, mbinti hana mbundi, kumbemba vyake vitambu!"

Mwamuzi mkuu, mama mmoja wa Mombasa, aliinua kichwa akauliza, "Binti hana bundi? Na huyo bundi alikuwa wa nani?" Ukumbi mzima ulivunjika. Walipotelemka, wasichana wa shule nyingine waliwalilia kama bundi, huu, huu, mpaka kwenye basi. Tangu hapo wasichana wetu wakienda mahali popote, hata kwenye netiboli, wanaliliwa huu, huu. Siku ile baadhi yao walilia machozi safari nzima ya kurudi.

"Na Sista amesema nini?" niliuliza.

"Amenipa mwaka huu tu. Tukichekwa tena wilayani, kikundi kinafungwa. Kipindi kinakuwa cha Hesabu."

Alisema "Hesabu" kama mtu anayetaja ugonjwa. Nilimshika mkono. Mwanzia bila kikundi chake cha ushairi ni nani? Hatafungwa jela, najua. Lakini niliuona uso wake.

Ijumaa, 17 Mei

Wasichana wameshinda netiboli dhidi ya shule mbili za Kangundo. Keki ya unga wa mahindi jikoni kwa wote, hata mimi nilitumiwa kipande. Baridi inaanza. Mvua hakuna.

Jumanne, 21 Mei

Leo nilipeleka chai ukumbini nikakaa kusikiliza mazoezi. Ni wasichana kama ishirini, wamejipanga kwa kimo. Anayeongoza ni Ndila wa kidato cha tatu, mtoto wa Muthetheni, mfupi, mwenye sauti ambayo ukisikia unaacha unachofanya. Inatoka chini kabisa, kama maji ya kisima. Mwanzia akawaambia, "Sikilizeni mimi kwanza. Fuateni mdomo wangu." Akatamka mstari wa kwanza. Wakaufuata.

"Mbamba, mbinti hana mbundi."

"Hapana, hapana," Mwanzia akasema. "Si *mbamba*. Ni *mbamba*! Mnasikia tofauti?"

Wasichana wakatazamana. Ndila akasema taratibu, "Tunasikia, Mwalimu."

Chai ilinipoa mkononi. Hakukuwa na tofauti. Wanamfuata yeye! Neno kwa neno, pua kwa pua. Wanafuata mdomo wa mume wangu kwa utiifu wote, na yeye, ambaye huandika Kiswahili ambacho hata kamusi ingekionea haya, haisikii ile m yake. Na hakuna mtu hapa atakayemwambia, maana yeye ndiye mwalimu wa Kiswahili.

Nilirudi nyumbani nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 22 Mei

Sijamwambia. Ameniletea ua la bogonvilia, amelificha ndani ya mkoba wa vitabu, limebondeka. Nitamwambiaje mtu huyu chochote?

Jumatatu, 27 Mei

Bado.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka, na mashindano ya tarafa. Kwenye shairi la kikundi zilikuja shule mbili tu, na mbili ndizo zinazopita kwenda wilaya, kwa hivyo tumepita. Lakini bundi alikuja pia. Huu, huu, kutoka viti vya nyuma. Ndila aliendelea mpaka mwisho, kidevu juu, machozi yakimtiririka.

Jumatatu, 3 Juni

Sista amemwita Mwanzia ofisini. Amesema tatizo ni yule msichana wa Muthetheni, wengine wanavutwa na sauti yake. Anataka Ndila aondolewe, Mukai aongoze. Mukai ametoka Syokimau, anaongea Kiswahili cha redio, lakini sauti yake ni ya mtu anayeuza mandazi dirishani.

Mwanzia amekubali. Alirudi mabega yamelegea.

"Nimemwambia Ndila mwenyewe," akasema. "Unajua ameniambia nini? Ameniambia, 'Asante Mwalimu, nilikuwa najitahidi kusema kama wewe.'"

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia. Ee Mungu, nimemwambia vibaya.

Nilikuwa nimepanga maneno matamu tangu asubuhi. Nilipika kuku. Nilivaa ile gauni ya zambarau ya siku tulipokwenda kuonana na Padri Bartholomew kabla ya harusi. Lakini alipoketi na kusema tena, "Sielewi, Carol, nimewafundisha kila njia, sijui wanaitoa wapi hiyo m," yaliyopangwa yakapotea yote, nikasema:

"Wanaitoa kwako."

"Wanatoa nini kwangu?"

"Hiyo m. Mwanzia, mpenzi wangu, wewe unasema mbamba."

"Mimi nasema mbamba."

"Ndiyo."

"Si nasema *mbamba*, nasema *mbamba*!"

Na hapo nikacheka. Sikutaka! Ilinitoka kama chafya. Akaweka kijiko chini. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniangalia kama mtu aliyekuwa akitembea mjini siku nzima na suruali imepasuka nyuma, na leo ndio ameambiwa, na aliyemwambia ni mke wake.

"Kwa hivyo hata nikikuita wewe..." akaanza.

"Hilo nalipenda," nikasema haraka. "Hilo usiliguse."

Kuku amebaki mzima isipokuwa paja moja. Sasa ameketi nje kwenye ngazi, na shali yangu mabegani, akinong'ona peke yake. Nilisogea mlangoni kusikiliza. "Mba," anasema. "Mba. Mba. Mba."

Nimelia kidogo. Ndoa yetu haijamaliza hata miezi miwili.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi kabla ya kengele alikwenda kwa Sista. Nilimwona kupitia dirishani akivuka uwanja katika ukungu, kofia mkononi kama mtu anayekwenda kuungama. Amemwambia hivi: Sista, kosa si la mtoto, ni langu, mrudishe Ndila.

Mwanzia anasema Sista aligeuka akatazama dirisha. Halafu akasema kwa Kiingereza kwamba Ndila anaweza kurudi, lakini maneno ni yale yale: bundi akija tena wilayani, ndio mwisho.

Namwona mume wangu mkubwa zaidi leo kuliko siku ya harusi. Ningemwambia, lakini aliporudi alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akajipanga, akasema polepole kama karani wa mahakama:

"Habari ya asubuhi, bi-bi yangu."

Sawasawa kabisa. Hakuna kosa. Na mimi nikahisi kama nimeamkiwa na mtu wa bima.

Jumamosi, 8 Juni

Habari njema: tumezungumza, tumecheka, tumepatana. Dawa nimekumbuka mwenyewe. Utotoni Athi River, msichana mmoja jirani alikuwa akinibana pua na kuniambia, "Sema baba sasa." Ukibanwa pua, m haina pa kupitia. Nimechukua pegi ya kuanikia nguo nikambana Mwanzia pua.

"Sema baba."

"Baba!"

Tuliruka. "Baba! Bado! Bibi! Bidii!" Alizunguka meza akipiga kelele na pegi puani, na matroni, Mama Wanza, akapita dirishani, akasimama, akasema, "Mwalimu, unaendelea vizuri?"

"Vizuri sana, Mama!"

"Haya," akasema, akaenda zake, na najua kufikia jioni mabweni yote yatajua.

Jumanne, 11 Juni

Wasichana ishirini ukumbini, wamebana pua, wanakariri shairi. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Wakiachia pua, neno la kwanza linatoka safi, la pili safi, la tatu lina ukungu, la nne ni mbamba.

Alhamisi, 13 Juni

Mwanzia aliwafanya wakariri mbele ya kidato cha kwanza, kama umati. Mara tu walipoona macho ya watu, bundi akarudi. Ulimi ukiogopa hukimbilia nyumbani. Sasa amekaa na kichwa mikononi. Bado anasema "bibi yangu". Kila mara anasimama kidogo kabla ya kulisema, kama mtu anayevuka mtaro.

Jumamosi, 15 Juni

Lazima niandike yote, hata mkono ukiuma.

Mama mkwe alifika bila taarifa, na gunia begani. Nampenda na namwogopa kwa kiasi sawa. Siku ya harusi alinipa jina, kama desturi ilivyo: Ng'a Mutua, mama wa Mutua. Mutua ndiye mtoto wetu wa kwanza. Bado hajatungwa, lakini jina lake limeshakaa mlangoni linangoja. Kabla hata ya maji ya kunywa alinitazama kiunoni.

"Ng'a Mutua, Mutua amefika wapi?"

"Bado yuko njiani, mwaitu, mama yangu."

"Mwambie aharakishe, mimi nazeeka." Akaketi, akafungua gunia. Ndani mlikuwa na mahindi, membamba kama vidole. Akaanza kuyapanga sakafuni, akizungumza na Mwanzia, nusu Kikamba nusu Kiswahili.

"Mbemba, mahindi, ni hizi tu, mwanangu. Vai mbua. Hakuna mvua. Mbua ilianza vizuri, ikaenda. Mbui wawili wamekufa. Ng'ombe nimepeleka kwa mjomba wako Kasyoka, kuko na nyasi. Hata mbingu nikiangalia naona ni tupu."

Mwanzia alikuwa ameinama, ameshika hindi moja. Akainua kichwa taratibu.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini? Mbuzi wamekufa."

"Rudia maneno. Yote."

Mama mkwe akanitazama mimi. "Huyu ni mgonjwa?"

"Mbemba," Mwanzia akasema. "Mbua. Ng'ombe. Mbuzi. Mbingu." Akasimama. "Carol! Carol, kuna maneno ambayo pua inatakiwa! Mbingu! Hakuna mtu duniani anaweza kusema mbingu vizuri kuliko sisi! Nyumba! Shamba! Ndani! Ngoma! Kwa nini nawapigania wale watoto na *baba*, kama naweza kuwapa *shamba*?"

Akamkumbatia mama yake, mahindi yakavingirika mpaka chini ya kitanda.

"Ni mgonjwa," mama mkwe akasema kwa utulivu. "Lakini si vibaya."

Anatunga sasa. Shairi jipya lote, la kuomba mvua, lenye maneno ambayo hayana b wala d wala g iliyosimama peke yake. Kila moja lazima iwe na m au n yake ya kuishikilia mkono. Hatuna muda mwingi na yeye anaimba.

Jumatano, 19 Juni

Tatizo: mbegu. Alikuwa ameweka mbegu ubeti wa kwanza, anajivunia. Ndila akaisoma: "Mbengu." Tumesahau ile g! Inajificha nyuma ya mb kama mwizi. Ndege pia imefukuzwa (ndenge). Ndugu pia. Mwanzia alinung'unika kama amefiwa. Ndila akainua mkono: "Mwalimu, si tuweke punje?" Mwanzia akabusu chaki.

Jumapili, 23 Juni

Kipaimara kanisani, wasichana thelathini na zaidi. Niliwaombea, na nikaomba pia kwa ajili ya g.

Ijumaa, 28 Juni

Ubeti wa kwanza umekamilika. Ninaunakili hapa kwa mwandiko wangu mzuri:

Tunaimba penye shamba, macho yatazama mbingu,
We mvua, twakuomba, toka ndani ya mawingu,
Nchi imekuwa mwamba, na kiu ina uchungu,
Shuka, tucheze na ngoma, shuka, we mvua yangu.

Nimeolewa na mtu aliyeandika hivi! Punje iko ubeti wa pili. Nimetafuta b tupu kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakuna.

Jumatano, 3 Julai

Ukungu siku nzima, taa zimewashwa darasani mchana. Ndila anaongoza. Anaposema "mbingu" nywele zinasimama. Mukai naye amepewa ngoma na inaonekana alizaliwa kwa ajili hiyo.

Jumatatu, 8 Julai

Sista alikuja ukumbini kusikiliza. Alisimama nyuma, mikono ndani ya mikono ya joho. Walipomaliza akatoka moja kwa moja. Mwanzia hakulala vizuri. Mimi nilikuwa karibu na mlango na niliona kitu ambacho yeye hakuona: midomo ya Sista ilikuwa ikicheza, ikifuata maneno, bila sauti. Sijui maana yake.

Alhamisi, 11 Julai

Kesho. Nimepiga pasi shati jeupe mara mbili. Amenishukuru: "Asante, bi-bi yangu." Mtaro ule ule. Nimejiambia nisilalamike, ni mimi niliyemfundisha.

Ijumaa, 12 Julai

Siwezi kuandika, sauti imeniisha. Kesho.

Jumamosi, 13 Julai

Haya. Nimekunywa chai, Mwanzia bado amelala, naanza.

Ukumbi ulikuwa mjini Machakos, mkubwa, umejaa mpaka madirishani. Mama wa Mombasa alikuwepo tena, ameketi katikati ya waamuzi, miwani puani. Shule yetu ilipotangazwa, ilianza. Kutoka nyuma, kwanza mmoja, kisha wengi: huu, huu, huuu. Wasichana wetu wakapanda wakitazama miguu yao. Mwanzia alisimama chini ya jukwaa, mgongo kwangu, na niliona shati nililopiga pasi limeshikana na mgongo kwa jasho, na baridi ile yote.

Sista Konsolata alikuwa kando yangu. Nilimsikia akipumua.

Ndila akasimama mbele. Akangoja. Wakalia bundi, akangoja. Mukai akapiga ngoma, mara moja tu. Kimya. Na ile sauti ya kisima ikapanda:

"Tunaimba penye shamba..."

Na wote ishirini: "Macho yatazama mbingu!"

Ee, mbingu ile! Walikuwa na hofu, ndiyo. Ndimi zikakimbilia nyumbani kama kawaida, na safari hii nyumbani ndipo palipotakiwa. Kadiri walivyoogopa ndivyo walivyosema vizuri! Mbingu, mawingu, mwamba, ngoma, kila moja ilivuma kama nyuki ndani ya mzinga. Kwenye ubeti wa mwisho wazazi waliotoka vijijini, watu ambao mashamba yao yamekauka kama ya mama mkwe, walianza kuitikia, "Shuka, we mvua yangu," na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Nyuma hakuna bundi hata mmoja aliyelia.

Kisha tukangoja. Shule nyingine sita. Niliuma kitambaa changu mpaka kikatoboka.

Mama wa Mombasa alisimama na kipaza sauti. Akazungumza juu ya hili na lile. Akafika kwetu, akavua miwani.

"Kikundi hiki mwaka jana kilituletea bundi," akasema. Ukumbi ukacheka na mimi nikafumba macho. "Mwaka huu nimekaa hapa nikimngojea bundi. Nikangoja. Jamani, hakuja. Badala yake nimesikia mbingu ikitamkwa kwa namna ambayo sisi wa Pwani itatubidi tukafanye mazoezi." Akatazama chini ya jukwaa. "Mwalimu aliyetunga, namwona mjanja sana. Nimekuelewa, Mwalimu. Nafasi ya kwanza. Nendeni mkoani Embu."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Wasichana waliruka, Mukai aliipiga ngoma bila mpangilio wowote, Ndila aliketi sakafuni akajifunika uso kwa sketi. Na Sista, Sista Konsolata aliyenyooka kama mshumaa, akaruka kutoka kitini, akainua mikono yote miwili, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia:

"Mbwana asifiweee!"

Akajiziba mdomo. Wasichana wetu wakamgeukia, macho yamewatoka. Ndila, bado sakafuni, akajibu kwa ile sauti yake yote: "Milele amina!" Na Sista akaanza kucheka. Ana meno mazuri, na mwanya mdogo wa mbele. Alicheka mpaka akashika bega langu ili asianguke.

"Kwani wewe ulifikiri nini, mama?" akaniambia kwa Kiswahili, akifuta machozi. "Ulifikiri naongea Kiingereza kwa sababu nakipenda? Nikiwa mnovisi, bado najifunza usista, walinicheka mpaka nikafunga mdomo. Sikutaka hawa watoto nao wachekwe mpaka wafunge yao."

Na mimi muhula mzima nilidhani ni jiwe! Nilimkumbatia, joho na yote. Akasema Ndila atasoma somo la kwanza kwenye misa ya shukrani, kwa Kiswahili, na yeyote atakayelia bundi atafua mashuka ya bweni zima. Na kuhusu kipindi cha Hesabu hakusema kitu. Hatasema tena.

Tulirudi kwa lori la misheni, tumefunikwa mablanketi, wasichana wakiimba mpaka getini. Mwanzia aliketi kando yangu njia nzima, amenishika mkono ndani ya blanketi, akiubana kila wakati wasichana walipofika "mbingu". Nilikuwa nimefurahi mpaka nimechoka. Na bado kitu kidogo kilinichoma. Nilijua tukifika atasimama mlangoni, avute pumzi, avuke ule mtaro wake.

Tukafika. Nikawasha taa. Yeye akasimama mlangoni, vumbi usoni, shati limetoka nje ya suruali, kofia imepotea. Hakuvuta pumzi. Hakujipanga. Alikuwa amechoka mno, na amefurahi mno, hata hakukumbuka chochote kile nilichomfundisha.

"Tumeshinda," akasema. "Mbibi yangu, tumeshinda."

Nikamwambia arudie.

"Tumeshinda?"

"Hapana, mume wangu. Lile la kwanza."